Besi Katika Mvua ya Mawe

Watu wengi huamini kwamba jazz ni muziki wa mjini, wa mahali penye taa za rangi na watu wasio na kazi kesho yake. Mimi niliijulia Kiptere, mchana wa Jumapili baada ya ibada, katika kituo cha zamani cha kununulia majani chai. Wakulima walijengewa kituo kipya karibu na barabara, na hiki cha zamani tukaachiwa sisi kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Ndoano za mizani bado zinaning'inia juu. Sakafu ni ya saruji, isipokuwa jukwaa la mbao upande mmoja palipokuwa pakiwekwa magunia, na hata leo ukiinama karibu na mbao hizo utasikia harufu ya majani mabichi. Pale ndipo tulipofanyia mazoezi, watu wanne, na pale ndipo nilipoishi miaka mizuri kuliko yote niliyopewa. Nasema hivyo nikiwa na akili timamu.

Mimi napiga vibrafoni, na mimi ndiye kiongozi, kama kuna mtu anayeweza kuwaongoza wale wengine. Kwa asiyeijua, vibrafoni ni meza ndefu ya pau za chuma zilizopangwa mfano wa marimba. Chini ya kila pau kuna bomba, na chini kabisa kuna kanyagio. Ukikanyaga, sauti inabaki hewani. Ukiachilia, inabanwa na kufa papo hapo. Ndani ya mabomba kuna visahani vinavyozungushwa na mota ndogo, na hivyo ndivyo sauti inavyopata ule mtetemo wake wa usingizi. Niliikuta katika stoo ya shule moja, imelala chini ya madawati yaliyovunjika, na mwenye ufunguo alikuwa akidhani ni rafu ya kuanikia vyombo. Mpiga ngoma wetu, fundi wa pikipiki pale sokoni, hadi leo anaiita kitanda. Jirani mmoja aliwahi kuniuliza kama hiyo jazz inapikwa na maharagwe. Nikamjibu kwamba inaliwa kavu.

Nilizaliwa katika kambi ya shamba la kampuni, upande wa Kericho, kwa wazazi waliotoka Kisii kuja kuchuma chai. Asubuhi ukungu ukishuka, mama yangu alikuwa akipotea machoni pangu ingawa yuko karibu. Nilikuwa nasikia tu vidole vikikata majani, mtu akikohoa, mwingine akiimba wimbo wa kanisani mdomo umefungwa, na zile sauti zilikuwa zikielea huku na huko juu ya kijani bila wenyewe. Halafu ukungu ungefunguka kidogo na mama angekuwa pale pale, kikapu mgongoni, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimepotea. Nadhani muziki wangu wote unatoka pale. Sipendi haraka, sipendi kelele, napenda sauti ikae hewani mpaka niamue kuiacha. Na napenda wimbo, wimbo hasa, ambao mtu anaweza kuuimba huku anakamua ng'ombe.

Mpiga gitaa alikuwa Mkikuyu mwenye kibanda cha mitumba Kericho mjini, mtu mpole anayeongea kidogo na kupiga gitaa kidogo pia, kila noti mahali pake. Yeye ndiye alikuwa ananiletea sweta kuukuu za sufu. Nilizifumua, nikazungushia nyuzi zake vichwa vya fimbo zangu, kwa maana chuma ukikipiga kwa fimbo tupu kinakulilia vibaya.

Na besi alipiga kogo. Kogo ni nyanya, yaani bibi, kwa Kipsigis. Mpiga ngoma ndiye aliyeanza kumwita hivyo, kwa kuwa kwao ni kumoja, nasi wengine tukafuata. Alizaliwa Sigor, akaolewa Kiptere, akafuga ng'ombe wa maziwa, akalea watoto, akazika mume, na katikati ya hayo yote alikuwa akipiga gitaa la besi kanisani. Ile besi kubwa ya mbao, ambayo unasimama nayo na kuikumbatia, aliinunua hoteli moja ilipofunga bendi yake. Hakuna aliyemfundisha. Na besi ile si mchezo, maana gitaa lina vyuma shingoni vya kuonyesha kidole mahali pa kukaa, lakini besi kubwa haina alama yoyote. Sikio ndilo alama. Kidole kikiteleza kidogo tu, sauti inatoka nje ya zile za wenzake, na kila mtu anajua hata kama hajui amejua nini.

Siku ya kwanza ya mazoezi nilimwambia pale mwisho wa ubeti, "Hapo, bana." Nilitaka azibe nyuzi kwa kiganja, sauti iwe fupi. Yeye akafanya kinyume. Akaacha nyuzi zilie, ndefu, nzito, zikajaa kituo kizima na kutambaa chini ya pau zangu. Nikasimamisha kila kitu, kwa hasira kidogo, maana nilikuwa kijana na nilidhani uongozi ni kusimamisha watu. Akaniambia kwa mshangao kwamba amefanya nilichosema. Si nimesema pana?

Mpiga ngoma akacheka hadi akaangusha vijiti. Wapenzi wa Kiswahili watanielewa: huku kwetu Mkipsigis akiongea, be na pe ni ndugu, ga na ka wanalala kitanda kimoja, gari linakuwa kari na bado inakuwa pado. Mimi nilisema bana, yeye akasikia pana. Nilijaribu kumweleza tofauti. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema, akiniita kama kwaya inavyomwita kiongozi wake, "Mwalimu, penye nia pana njia. Hakuna mahali imeandikwa bana njia."

Tukarudia, kwa njia yake. Na ilikuwa nzuri, nakiri, ilikuwa ndiyo hasa sauti niliyokuwa naitafuta tangu utotoni bila kujua jina lake. Tangu siku hiyo tukawa bendi ya pana. Nilikanyaga kanyagio na kuliacha chini, gitaa likapunguza maneno, ngoma zikapigwa kwa brashi, na besi ikalala chini ya vyote. Tulialikwa kwenye harusi, kwenye harambee za kanisa, kwenye sherehe za vyama vya wakulima wa chai. Watu walikuwa wanakaa kimya, na wengine walisinzia, jambo ambalo mwanzoni liliniudhi, baadaye nikalipenda.

Mzaha wa ulimi wa kogo ukawa chakula chetu cha kila Jumapili. Nikisema tuanzie juu, akaanzia mwisho, ni ulimi. Nikimwambia chai iko tayari, akajibu kwamba ng'ombe hajambo, ni ulimi. Siku moja nilimwita mara mbili tatu akiwa amenipa mgongo, hakugeuka, nikasema kwa sauti ya utani, "Sikio la kufa halisikii dawa." Wenzangu wakacheka. Alipogeuka na kuona wanacheka, naye akacheka, tena kuliko wote. Kisha akaniomba nibadilishe rangi za fimbo. Sufu ya kijivu haimfurahishi, alisema, nitafute nyekundu. Nilidhani ni mambo ya urembo. Mpiga gitaa akaleta sweta jekundu la mtoto, nikalifumua.

Sasa niseme kuhusu ile mvua. Huku kwetu mchana wa mvua unajulikana tangu asubuhi: jua linakuwa kali kupita kiasi, chai inang'aa, halafu mbali upande wa msitu kunakuwa kweusi. Tulikuwa katikati ya wimbo wetu mmoja wa taratibu, wenye mzunguko mrefu, mvua ya mawe ilipoanguka. Aliyekaa chini ya mabati wakati wa mvua ya mawe anajua. Si kelele tena, ni kitu kinachokushika kichwa. Niliona mkono wa mpiga gitaa ukisogea na sikusikia kitu. Nilipiga pau na sikusikia kitu. Mpiga ngoma akainua mikono, akacheka bila sauti, akaenda mlangoni kutazama. Mpiga gitaa naye akaacha.

Mimi sikuacha mara moja. Sijui kwa nini. Kulikuwa na utamu fulani katika kupiga chuma kisicho na sauti, mawe meupe yakirukaruka mlangoni na mvuke wa baridi ukiingia. Nikaendelea na mzunguko wangu nikiwa nauhesabu moyoni, na nikaona kogo anaendelea pia. Alikuwa amesimama kwenye lile jukwaa la mbao, amevua viatu kama alivyozoea. Alikuwa ananitazama fimbo. Hakuwa amekunja uso kama sisi, hakutazama juu ya mabati, hakuonyesha kwamba kuna chochote kimebadilika.

Nikaacha kupiga pau. Nikawa napitisha fimbo hewani tu, juu ya chuma, bila kugusa, nikifuata wimbo. Naye akafuata. Mvua ya mawe ilipokatika, ghafla kama inavyokatika, besi ilikuwa imefika pale pale ilipopaswa kufika, kwenye noti ile ile, na fimbo zangu zilikuwa bado hewani. Wale wawili mlangoni wakapiga makofi, wakidhani ni maajabu ya muziki. Kogo akawatazama, akanitazama mimi, akaona fimbo hazijagusa kitu. Akajua nimejua.

Tulingoja wale wawili waondoke kwa pikipiki. Barabara ilikuwa nyeupe kwa mawe, na moshi wa ukungu ulikuwa unatoka kwenye majani ya chai yaliyochanika. Alikaa kwenye ukingo wa jukwaa, akavaa viatu polepole. Nilikaa mbele yake ili aone mdomo wangu. Hata hilo nilikuwa sijawahi kulifikiria, kwamba miaka yote alikuwa akichagua kukaa mbele yangu.

"Sikio ya kushoto ilienda kitambo," alisema. "Hii ingine iko njiani. Mkicheka ulimi yangu, mimi nasema asante Yesu. Afadhali mjue mimi ni Mkipsigis kuliko mjue mimi ni kiziwi."

Nilitaka kumwuliza mambo mengi. Daktari? Alikuwa amekwenda, alipewa kifaa, anakivaa akiuza maziwa. Kwa muziki hakifai, alisema, kinageuza besi kuwa debe. Anapiga kwa miguu, kupitia mbao, na kwa macho, kupitia fimbo zangu. Na kwa mikono, ambayo imekwenda njia hiyo mara nyingi hata haiulizi tena. Nilipotaka kumpa pole alinikatiza, akaniambia anachotaka kwangu si pole.

"Wewe ndiye mkubwa wa hii kitu. Siku besi itapotea, mimi sitajua. Wewe utajua. Usiniambie kwa mdomo mbele ya watu. Inua fimbo zote juu, uache. Nikiona hivyo nitamaliza, na sitashika besi tena. Lakini usinidanganye, mwalimu. Sitaki kupigwa makofi ya huruma."

Nilikasirika. Sitaki kujifanya mtu mwema hapa. Nilikasirika kwamba kati ya watu wote wa Kericho na Bomet amenichagua mimi niwe hakimu wake, mimi niliyempenda kuliko alivyojua. Mpiga gitaa angeweza kumsaidia: nyuzi za gitaa unaweza kuzivuta kidogo, ukamfuata mwenzako alikokwenda, mkaonekana mko pamoja. Pau za chuma hazivutiki. Zimekatwa kiwandani, kila moja na sauti yake, wala hazimwendei mtu. Mtu akipotea karibu na vibrafoni, vibrafoni yenyewe ndiyo itakayomsema. Lakini nilikubali. Mzee akikuomba kitu ameshakiamua, ameshakivalia viatu na kofia, unakataaje?

Miezi iliyofuata ilikuwa kama ndoto ambayo unajua ni ndoto na hutaki kuamka. Niligeuza vibrafoni ikamwelekea. Nilianza kuinua fimbo juu kuliko kawaida, na mpiga ngoma akanitania kwamba nafukuza nzi. Nilizipunguza kasi nyimbo zote. Nikaacha noti nyingi, nikabaki na zile tu ambazo mtu angeziona zikija kwa mbali. Ajabu ni kwamba tulizidi kuwa wazuri. Watu waliotujua walisema muziki wetu umepata hewa. Kila Jumapili nilikuwa nasikiliza besi jinsi mama anavyosikiliza kifua cha mtoto anayekohoa, na kila Jumapili besi ilikuwa mahali pake, na nilikuwa narudi nyumbani nikitembea kati ya mashamba ya chai nikiwa na furaha ya mtu aliyeongezewa siku.

Wenzetu hatukuwaambia. Aliniomba hivyo pia.

Kisha tukaalikwa Kabianga, katika ukumbi wa chuo, mchana wa muziki kwa wanafunzi na familia za jirani. Ulikuwa mwaliko mkubwa kwetu. Kogo alikuja amevaa gauni la bluu na sweta jeupe, na nusu ya kanisa lake ilikuja nyuma yake na chupa za chai. Ukumbi ulikuwa mzuri. Mzuri mno: jukwaa lilikuwa la zege, na juu yake walikuwa wametandika zulia jipya, nene, la heshima. Nilimwona akivua viatu na kukanyaga. Alisimama hapo kidogo akisikiliza kwa nyayo, na sura yake ikawa ya mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Nilimsogelea nikamwuliza kama tuombe zulia litolewe. Alitazama watu wa kanisa lake wakitafuta viti. Akatikisa kichwa.

Wimbo wa kwanza ulikwenda salama. Katika wa pili, nikasikia. Kilikuwa kitu kidogo, chini ya noti, upana wa uzi wa sweta. Besi ilikuwa imekaa pembeni kidogo ya mahali pake na haikurudi. Hakuna aliyegeuka. Mpiga gitaa alivuta nyuzi zake kidogo bila hata kujua anafanya nini, akamfuata. Mimi nilipiga pau zangu na kila moja ilikuwa inasema alipo na asipo. Nikatazama fimbo zangu nyekundu. Sikuziinua.

Wa tatu nao tukapiga hivyo hivyo. Nilipiga taratibu zaidi, nikaacha nafasi kubwa kati ya noti zangu ili zisikutane na zake. Nje ya madirisha kulikuwa na jua la jioni changa na miti ya mkaratusi ikiyumba, na kwa muda mrefu nilijiambia kwamba muziki ni mzuri tu hivi, kwamba huenda mimi ndiye mwenye sikio bovu, kwamba huenda ulimwengu wote umesogea kidogo na sisi tumesogea nao. Lakini wimbo wa nne ulikuwa ule wa taratibu, wa mzunguko mrefu, na katika wimbo huo besi na vibrafoni husema neno moja kwa pamoja. Hapo hakuna pa kujificha. Tulipolisema, yalikuwa maneno mawili.

Nikainua fimbo zote juu, nikaacha.

Wenzangu waliona, wakadhani nampa nafasi ya kupiga peke yake. Wakaacha nao. Kogo alinitazama mikono. Hakushtuka. Alingoja kana kwamba anahakikisha, kisha akafumba macho, na hilo sikuwa nimeliona hata siku moja, maana macho ndiyo yalikuwa masikio yake. Hakuwa na sababu tena ya kunitazama.

Akapiga. Bila mtu wa kumpima, hakuwa amepotea popote. Aliuchukua ule mzunguko mrefu akaupitisha mahali ambapo sisi hatukuwahi kuupitisha, akashuka nao chini kabisa, akaacha nyuzi zilie hadi ziishe zenyewe, akaanza tena. Nilisimama na fimbo zangu juu mpaka mabega yakauma. Watoto walinyamaza. Sijui alipiga kwa muda gani. Alipomaliza aliweka kiganja juu ya nyuzi, akafumbua macho, na ukumbi wote ulikuwa umesimama.

Makofi hayo hayakuwa ya huruma. Hawakujua chochote cha kuhurumia.

Baadaye, nje, tulikuwa tunangoja pikapu ya kubeba vyombo. Mpiga ngoma na mpiga gitaa walikuwa bado ndani wanakunja nyaya na kusimulia ile besi kwa kila aliyepita. Kogo alikuwa amekaa kwenye ngazi, sweta mabegani. Nilikaa mbele yake aone mdomo wangu, lakini yeye ndiye aliyeanza.

"Ulichelewa, mwalimu."

Nikasema nilichelewa kidogo.

"Nyimbo mbili. Niliona uso yako tangu ule wa pili."

Nilimwuliza, kama aliona, kwa nini hakuacha mwenyewe. Watu wa kanisa lake walikuwa wanatuita kutoka mbali tuje tunywe chai, na alikuwa anawapungia mkono bila kuwasikia.

"Niliona vile hutaki," alisema. "Nikasema, wacha nipige kidogo tu na mtu mwenye hataki niache."

Pikapu ikaja. Tuliifunga besi kwa blanketi, tukaipandisha, na mimi nikakaa nyuma nayo hadi Kiptere.